Maswali Yenu ya Jikoni: Tawa Iliyobonyea na Kikaango Kinachozunguka kama Pia

Mwezi huu tumechagua barua zinazohusu vyombo vizito vya chuma: tawa, vikaango, makarai na vyuma vya vitumbua, hasa vile vya zamani vilivyopinda. Waandishi wengi wanauliza kama wavitupe. Wengi wenu msitupe, lakini yuko mmoja ambaye tunamwomba aache kupikia chombo chake leo hii.

Asalaam alaikum. Tawa yangu ya chapati nimeirithi kwa mama mkwe. Ni nzito, nyeusi, na imebonyea chini katikati. Mafuta yote hukimbilia pale, chapati inaungua kati na pembeni ingali mbichi. Jirani ameniambia niipeleke kwa fundi akaipige nyundo. Niipeleke? — Msomaji, Kisauni, Mombasa

Wa alaikum salaam, dada. Usiipeleke kwanza. Sokoni tawa zote huitwa "chuma", kumbe ni vyuma tofauti na kila kimoja kina dawa yake.

Chukua sumaku, hata ile ya kubandika kwenye friji. Isiposhika, hiyo ni alumini. Ikishika, igeuze tawa uutazame mgongo. Tawa ya kusubu, yaani ya chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu la mchanga, ina vichembechembe mgongoni kama ganda la chungwa. Ukingo wake ni mnene, mara nyingi milimita 4 hadi 6, na mpini au vishikio vimetoka pamoja na mwili bila kiungo. Tawa ya bati la chuma ina unene mmoja kila mahali, milimita 2 au 3, mgongo ni laini, na mpini umechomelewa au umepigwa ribiti.

Kama ni ya bati, jirani yako amesema kweli, na kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe. Ilaze juu ya ubao mnene, upande uliovimba ukitazama juu. Weka kipande cha mti katikati ya uvimbe, kisha piga nyundo juu ya mti huo, si juu ya tawa. Piga kidogo kidogo, mapigo matatu manne, halafu iweke juu ya kigae cha sakafu uone inavyokaa. Ukizidisha itabonyea upande wa pili, na kila ikipigwa kwenda na kurudi bati linachoka.

Kama ni ya kusubu, nyundo isiiguse. Chuma cha kusubu kina kaboni asilimia 2 hadi 4, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani yake kama vijipande vyembamba vya grafiti, mithili ya majani makavu yaliyochanganyika na udongo. Ukikipiga hakinyumbuki, kinapasuka kwa kufuata vijipande hivyo. Kukikandamiza kwa jeki ni yale yale. Kukitia motoni mpaka kiwe chekundu ili kilainike ni kubaya zaidi: kikipita kama digrii 700 uso wake hubadilika, hutoka na wekundu uliofifia unaobanduka, na tangu hapo hakishiki mafuta tena. Chombo kilichoungua hivyo hakirudi.

Basi tawa yako, ikiwa ni ya kusubu, ipike kwa namna nyingine. Washa jiko kubwa moto mdogo, uiache ipate joto dakika 8 hadi 10 kabla ya chapati ya kwanza. Chuma cha kusubu husambaza joto polepole, kama robo tu ya kasi ya alumini, kwa hiyo moto mkali unaishia pale ulipo mwali. Kisha nyunyiza unga wa ngano mkavu, vidole viwili tu, uso mzima. Unga huo utakuchorea ramani: ukiwa kahawia kote, anza kupika, ukiwa mweusi kati na mweupe pembeni, punguza moto na uisogeze tawa nusu kiganja kila dakika mbili, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Pangusa unga kwa kitambaa kikavu kabla ya kuanza. Na mafuta usimimine kwenye tawa. Yapake kwenye chapati yenyewe kwa kijiko, upande mmoja kisha wa pili. Hapo bonde la katikati halitakuwa na cha kukusanya.

Habari za kazi. Niko Columbus, Ohio. Nilinunua kikaango cha zamani kwenye mnada wa vitu vya nyumbani, kimeandikwa Wagner Ware, Sidney, na namba 8. Kimenyooka machoni, lakini nikikiweka kwenye jiko langu la kioo kinazunguka kama pia. Nimeona watu wakisema kinaweza kukerezwa chini mpaka kikae sawa. Mnashauri nini? — Msomaji, Columbus

Ndugu, umepata chombo kizuri, na kimerudi karibu na kwao: Wagner ilianza kazi mwaka 1891 Sidney, mji wa huko huko Ohio. Namba 8 si inchi. Ni saizi ya tundu la jiko la kuni la zamani ambalo kikaango kilitengenezwa kulifunika, na mdomo wa namba 8 una upana wa sentimita 26 hivi. Vikaango vya zama zile vilisubiwa vyembamba kuliko vingi vya leo, na uso wa ndani ukalainishwa kwa mashine. Wembamba huo ndio raha yake mkononi, na ndio unaofanya kipinde kwa urahisi.

Jinsi kinavyopinda ni hivi. Chuma kikipata joto kinatanuka. Kwa kikaango cha sentimita 26, kati ikiwa moto kuliko ukingo kwa digrii 200, hiyo kati inataka kuongezeka kama nusu milimita. Ukingo ungali baridi, unaikatalia. Kati haina pa kwenda ila chini au juu, na ikisukumwa mara nyingi, au mara moja kwa nguvu sana, haitarudi ilikotoka. Mara nyingi kisa ni koili ya umeme iliyo ndogo kuliko kikaango, ikawashwa mpaka mwisho huku kikaango ni kitupu.

Pima kabla ya kuamua. Kiweke juu ya meza ya mawe au kioo kinene. Ingiza karatasi za kawaida za kuchapishia chini ya ukingo, moja baada ya nyingine, mpaka kikaango kiache kuyumba. Karatasi moja ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo karatasi 10 ni milimita 1. Kisha simamisha rula ya chuma ndani, kwenye sakafu ya kikaango, uangalie mwanga unapita wapi: ukipita katikati, kimebonyea chini, ukipita pembeni, kimevimba juu. Chako kinazunguka, kwa hiyo kimebonyea chini na kinasimama kwa kitovu chake.

Karatasi 2 au 3, endelea kukitumia kwenye kioo kwa moto wa chini. Zikifika 5 na kuendelea, jiko la kioo liache. Joto la jiko lile hupita vizuri pale chuma kinapogusana na kioo, na chako kinagusa mahali padogo kama sarafu. Hapo ndipo patakapoungua, na kupinda kutaongezeka. Tena kikaango kinachozunguka chenye mafuta ya mandazi ndani ni hatari ya kweli: ukigusa mpini kwa kiwiko, kinageuka. Na kioo kitachubuka.

Kukikereza hatukushauri. Sakafu ya kikaango kama hicho kwa kawaida haizidi milimita 3 sana. Ili kikae sawa, mkerezaji lazima aondoe pale palipotuna, yaani katikati, mahali panapopokea moto mwingi kuliko pote. Ukiondoa milimita 1 hapo, umebaki na sakafu nyembamba kati na nene pembeni, na tatizo la joto umelizidisha kwa pesa yako mwenyewe. Alama za kiwanda nazo zinaondoka, na thamani yake kwa wakusanyaji inaondoka nazo.

Kitumie pasipohitaji kugusana. Kwenye oveni hakijali kupinda hata kidogo: kuku wa kuoka, viazi, mkate wa kumimina wa hamira na tui la nazi. Kwa mkate, kumbuka tu kwamba kati utakuwa mnene kidogo, ongeza dakika 5. Kwenye jiko la gesi la kubebeka au mkaa wa nje kinafanya kazi kama kipya, kwa sababu mwali na makaa hufuata umbo la chuma. Na tafadhali usikiingize kwenye oveni inayojisafisha ili kuondoa magamba ya zamani. Oveni hizo hupanda hadi karibu digrii 480, na vikaango vyembamba vimepinda na kupasuka humo.

Mimi ni mpika vitumbua. Chuma changu cha matundu saba kimevimba katikati. Kitumbua cha kati kinaungua kabla vya pembeni havijaiva, na siku hizi vyote vinang'ang'ania mpaka navivunja nikivigeuza. Kwa nini? — Mama wa vitumbua, Tanga

Mama, una matatizo mawili yaliyokuja siku moja, tuyatenganishe.

Kuungua kwa kile cha kati si kwa sababu ya uvimbe peke yake. Tundu la kati limezungukwa na chuma cha moto pande zote, yale sita ya nje yanapoteza joto kwenye hewa. Uvimbe umeongeza tu. Dawa iko kwenye makaa: makaa yakishakolea, chukua koleo uyasukume yatoke katikati yakae duara pembeni, kati ubakize majivu na makaa mawili madogo. Mimina uji wa pembeni kwanza, wa kati mwisho, na wa kati utoe wa kwanza. Chuma chako hakihitaji kunyooka kwa kazi hii, maana hakikai juu ya sahani bapa, kinakaa kwenye meno ya jiko.

Kung'ang'ania ni jambo jingine: ngozi imeondoka. Chuma kizuri cha vitumbua kina ngozi nyeusi nyembamba, ambayo ni mafuta yaliyokauka kwa joto yakawa kama rangi iliyoshikana na chuma. Ukisugua kwa stilwaya na sabuni ya unga kila jioni, unaitoa. Ukilichungulia tundu moja kwenye mwanga utaona: palipo na ngozi pana weusi unaong'aa kidogo, palipotoka pana kijivu kikavu, na kitumbua kikivunjika kinaacha nusu yake pale pale penye kijivu.

Irudishe hivi, siku ambayo huuzi. Osha chuma, kikaushe juu ya moto dakika 5. Kikiwa cha moto cha kushikika kwa kitambaa, paka mafuta ya alizeti kijiko cha chai kimoja kwa chuma kizima, ndani ya matundu na mgongoni. Sasa chukua kitambaa kikavu cha pamba uyafute yote kana kwamba ulikosea kuyapaka. Kitakachobaki ndicho kinachotakiwa. Kifudikize juu ya makaa yaliyoanza kuvaa majivu, kifunike kwa karai kuukuu ili joto likae, uache dakika 40 hadi moshi ukome. Kiache kipoe chenyewe. Rudia mara nne.

Baada ya hapo, kila jioni kipanguse kingali na uvuguvugu kwa kitambaa chenye chumvi kavu, kisha tone la mafuta. Asubuhi, kabla ya uji wa kwanza, kila tundu lipate mafuta na moto mpaka mafuta yaanze kucheza. Ndipo umimine, robo tatu ya tundu. Geuza kwa spoku au kijiti pale tu ukingo unapojiachia wenyewe. Na tazama sukari: gramu 150 hadi 200 kwa nusu kilo ya mchele zinatosha. Ikizidi inaungua na kugeuka gundi.

Kuna karai zito la chuma la marehemu babu, lilikuwa likiyeyushia risasi, ile metali ya vizito vya nyavu. Tumelisugua likang'aa. Limepinda kidogo lakini linapika samaki vizuri. Kuna neno? — Msomaji, Kilwa

Neno lipo, na si kupinda. Tunakusihi acheni kulipikia leo.

Risasi huyeyuka kwenye digrii 327, ikapenya kwenye vinyweleo vya chuma na kwenye ngozi ya mafuta. Kusugua hakuwezi kukuhakikishia kwamba imetoka, na kung'aa si ushahidi. Haina harufu wala ladha ya kukuonya. Kinachovunja moyo ni kwamba inawadhuru zaidi watoto wadogo na mimba: huathiri ubongo unaokua, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Msijaribu kuichoma itoke, kwa kuwa mvuke na vumbi lake vinavutwa na pumzi. Piga alama ya X ya rangi pande mbili, lirudi kwenye kazi ya nyavu, likae nje ya jiko, na kuyeyusha kufanyike mahali pa wazi mbali na watoto. Kama kuna mtoto au mjamzito aliyekula chakula cha karai hilo, nendeni hospitali mkaeleze hivyo hivyo mlivyotueleza. Kipimo cha risasi hufanywa kwa damu.

Na wengine mnaosoma: karai la zamani msilolijua lilikotoka, ulizeni kwanza lilifanya kazi gani. Sufuria za alumini zilizoyeyushwa kutoka vyuma chakavu nazo zimewahi kukutwa na risasi katika nchi kadhaa za Afrika, kwa hiyo uzito au weusi si kigezo.

Nimefuata maelekezo ya kupaka mafuta, lakini kikaango kinanata kama asali. Nilitumia mafuta ya alizeti. Je, ningetumia ya nazi? — Msomaji, Dodoma

Hapana, alizeti ndiyo sawa. Mafuta ya alizeti, mahindi na soya hukauka yakashikana kwa joto. Ya nazi, samli na mawese hayakauki vizuri. Ni mazuri kwa kupikia, si kwa kujenga ngozi. Kunata kunatokana na mafuta mengi au joto dogo. Kirudishe kwenye oveni digrii 230 saa nzima, kimefudikizwa, bila kuongeza mafuta. Kikiendelea kunata, sugua kwa chumvi na kitambaa mpaka unato uishe, uanze upya kwa tabaka jembamba.

Hewa ya kwetu ina chumvi, vyuma vinashika kutu ndani ya wiki. Siki inafaa? Na ile kostiki ya kutengenezea sabuni? — Msomaji, Mkoani, Pemba

Zote zinafaa, kila moja kwa kazi yake. Siki hula kutu. Kostiki hula magamba ya mafuta yaliyoganda na haigusi kutu.

Siki changanya na maji nusu kwa nusu, tumbukiza chombo dakika 30 zisizidi, toa, sugua, suuza, kausha papo hapo juu ya moto na upake mafuta kikiwa bado na joto. Kutu ikibaki, rudia. Usikilaze usiku kucha: siki ikishamaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, na utakikuta asubuhi kina vishimo.

Kostiki ni kali, inachoma ngozi na kupofusha. Ndoo ya plastiki, maji baridi lita 20, kostiki gramu 450. Mimina kostiki kwenye maji polepole, kamwe usimimine maji kwenye kostiki, kwa kuwa itachemka na kurukia usoni. Vaa glavu ndefu za mpira na miwani, funika ndoo, watoto wasifike. Siku 3 hadi 7 magamba yatatoka kama tope. Usitumbukize alumini humo. Italiwa huku ikitoa gesi inayoshika moto.

Ukimaliza, kwa hewa ya Pemba, usikihifadhi kimefunikwa na kifuniko chake. Weka karatasi iliyokunjwa kati ya chombo na kifuniko ili unyevu upite.

Nitajuaje kama kikaango kilichopinda kina ufa? Fundi anasema atakichomelea. — Msomaji, Morogoro

Kining'inize kwa kidole kupitia tundu la mpini, ukigonge kwa kijiko cha mbao. Kizima hulia kama kengele, mlio unavutika. Chenye ufa hulia kama debe, mlio unakatika. Ukishuku, paka mafuta ya taa pale unapoona mstari, acha dakika 10, futa mpaka pakauke, kisha paka vumbi la chaki. Kama ufa upo, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, mwembamba kama unywele, na utauona unapoishia.

Kuchomelea kunawezekana: kunahitaji vijiti vya nikeli, chombo kipashwe joto chote kwanza, kisha kipozwe kwa saa nyingi ndani ya majivu au mchanga mkavu. Kwa mashine yenye thamani kazi hiyo inalipa. Kwa kikaango hailipi, kwa sababu kiraka na chuma havitanuki sawasawa, na ufa mpya huja pembeni ya kiraka siku chombo kimejaa mafuta ya moto. Mwambie fundi asante. Kikaango chenye ufa unaofika sakafuni kiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.